Pedeli za Kunasa na Baiskeli ya Kuegemea: Uhakiki wa Istilahi za Kijitabu Kimoja

Miongoni mwa maandishi yanayoletwa kukaguliwa kabla ya kuchapwa, vijitabu vya maelekezo ndivyo vinavyopewa muda mfupi kuliko vyote. Mswada wa sheria husomwa na kusomwa tena. Hotuba hupimwa neno kwa neno. Lakini karatasi inayoeleza matumizi ya jiko, ya dawa ya kunyunyizia mimea au ya baiskeli hupitishwa alasiri ileile iliyoingia. Twaona desturi hiyo ni mbaya. Msomaji wa hotuba akikwama katika neno huliruka akaendelea, na hadhuriki kitu. Msomaji wa maelekezo hutenda aliyoyasoma.

Kijitabu tunachokusudia kukihakiki hapa kimefasiriwa kutoka Kiingereza. Kinahusu vifaa vya kila siku vya mwendesha baiskeli pamoja na mazoea yafaayo barabarani, nacho kimeandikiwa watu wa namna mbili: wale wapandao baiskeli nyepesi za mwendo wa kasi, zenye usukani uliopinda kuelekea chini, na wale waendeshao baiskeli ambazo mpandaji hukaa akiegemea nyuma huku miguu yake imetangulia mbele. Hatutamtaja mfasiri wala waliomtuma. Kiswahili chake ni safi, sentensi zake zimenyooka, na sura yake inayohusu kuziba pancha twaweza kuisifu bila kusita. Makosa tutakayoyaeleza ni ya njia aliyoifuata, na njia hiyo huipita wengi.

Tuanze na pedeli, kwa sababu hapo tafsiri yaweza kumwangusha mtu kwa maana halisi ya kuanguka. Zamani waendesha baiskeli wa mashindano walikuwa wakifunga viatu vyao juu ya pedeli kwa vibanio vya chuma na mikanda. Mwaka 1984 kampuni ya Look ya Ufaransa ilitoa pedeli za namna nyingine. Chini ya kiatu hufungwa kipande kigumu. Mpandaji akikanyaga, kipande hicho hunasa katika pedeli. Akitaka kujitoa, huzungusha kisigino kuelekea nje. Mwaka 1985 Bernard Hinault alishinda mashindano ya Tour de France akitumia pedeli hizo, na tangu hapo zikaenea. Sasa, kwa kuwa vile vibanio vya zamani vilikuwa vimeondolewa, Waingereza walizipa pedeli hizo jina lenye maana ya "zisizo na vibanio". Jina hilo lataja kitu kilichoondoka, halitaji kitu kilichopo. Aliyezijua pedeli za zamani halimsumbui. Mfasiri wetu amelichukua kama lilivyo na kuandika "pedeli zisizo na vibanio".

Hebu tumfikirie mwalimu wa ufundi akisoma katika kijitabu hiki kwamba mwenye baiskeli ya kuegemea ya magurudumu matatu anashauriwa kutumia "pedeli zisizo na vibanio ili miguu isidondoke". Shauri lenyewe ni la maana sana. Katika chombo cha namna hiyo miguu huning'inia mbele, karibu na ardhi. Wayo ukiteleza chombo kikiwa katika mwendo, hugusa chini, ukavutwa nyuma na kupitiwa na fremu, na mfupa waweza kuvunjika. Lakini mwalimu yule, akiyaamini maneno aliyopewa, atatafuta pedeli tupu zisizoshika kitu. Shauri lililokusudiwa kuushika mguu limeuachia.

Sisi tunapendekeza "pedeli za kunasa". Neno kunasa ni la mtega ndege, na hata mtoto alijua. Zaidi ya hayo linakuja na mwenzake: kunasa na kunasua. Hapo maelekezo mazima hupata njia fupi ya kusemwa: nasua mguu mmoja kabla ya kusimama, usingoje baiskeli isimame ndipo unasue. Istilahi ikizaa kitenzi chake bila kulazimishwa, ni dalili kwamba imechaguliwa vema. "Zisizo na vibanio" haizai kitu.

Jambo la pili ni taa. Kijitabu chatumia neno hilo kwa vitu viwili: taa yenyewe, yaani kifaa kinachotoa mwanga wake, na kile kipande chekundu cha plastiki kinachofungwa nyuma ya baiskeli, ambacho hakitoi mwanga wowote bali hurudisha ule unaokipiga. Ni kweli kwamba watu wengi mitaani hukiita kipande hicho "taa ya nyuma", na kwa kawaida tunapenda kuifuata lugha ya mitaani. Hapa hatuifuati, kwa kuwa tofauti ya vitu hivyo viwili ndiyo somo lenyewe. Mwenye kipande chekundu peke yake huonekana na dereva aliyewasha taa zake kubwa na kumwelekea. Haonekani na mwendesha baiskeli mwenzake asiye na taa, wala na mtu anayesukuma mkokoteni gizani, wala na gari linalochomoza kutoka njia ya pembeni ambalo mwanga wake bado haujamfikia. Kijitabu kikisema "hakikisha una taa ya nyuma", msomaji atatazama nyuma ya baiskeli yake, akione kipande chekundu, aridhike. Walimu wa fizikia wanalo neno "kiakisi", nalo ni zuri, fupi, na lina asili inayoeleweka. Mafundi wengi husema "rifleta". Lolote kati ya hayo litafaa, mradi "taa" ibaki na kitu kinachowaka chenyewe.

Katika kurasa hizohizo kuna "kioo cha kujitazamia nyuma". Tulipolisoma tulicheka kidogo, kwa maana kioo hicho chafaa kwa mtu anayetaka kujua kama shati lake limechanika mgongoni. "Kioo cha kuangalizia nyuma" kingetosha. Mwenye baiskeli ya kuegemea anakihitaji kuliko mwingine yeyote: mgongo wake umelala juu ya egemeo, hawezi kugeuza mabega kwa urahisi kutazama kinachomjia. Vivyo hivyo ile bendera ndogo ya rangi kali inayosimamishwa nyuma ya baiskeli hizo ili madereva waione juu ya vitu vingine: mfasiri ameifunga juu ya "mlingoti". Mlingoti ni wa jahazi. Hapa tuna ufito.

Kofia itatupotezea muda mfupi. Kijitabu kinasema "kofia ya chuma". Kofia ya mwendesha baiskeli haina chuma; ni povu gumu lililofunikwa kwa plastiki, na wepesi wake ndio unaomfanya mtu akubali kuivaa. Chuma kimetoka katika kamusi, ambako neno hilo la Kiingereza lilifasiriwa kwa kumfikiria askari. Mwingine angependa kulifufua neno "chapeo", lililotufikia kutoka Kireno na ambalo wasomaji wa Biblia wanalijua. Hatuoni haja. Waendesha pikipiki na abiria wao wameshaamua: ni kofia ngumu, au helmeti.

Turudi kwenye mambo mazito zaidi, yaani upande. Kijitabu kimeandikwa katika nchi ambayo magari hupita kulia, na mfasiri ameuhamisha ukulia huo mzima mpaka kwetu. Mwendesha baiskeli anaagizwa akae "karibu na ukingo wa kulia" na awe mwangalifu zaidi anapokata "kushoto, kwa kuwa atavuka magari yanayomkabili". Katika Tanzania, Kenya na Uganda maagizo hayo yanamtuma mtu kwenda kukutana na magari uso kwa uso. Twajua jibu litakalotolewa: basi tubadilishe, kila penye kulia tuweke kushoto. Lakini Kiswahili hakisomwi katika nchi hizo peke yake. Kinasomwa Bujumbura, Kigali, Bukavu na Lubumbashi, na huko kote magari hupita kulia. Kijitabu kimoja hakiwezi kuwa na kulia kwa wengine na kushoto kwa wengine. Dawa ni kuacha kutaja mikono na kutaja barabara: upande wa ukingo, na upande wa katikati. "Kaa upande wa ukingo." "Unapokata kwa kuvuka katikati ya barabara, tazama nyuma kwanza." Sentensi hizo ni sahihi Tanga na ni sahihi Bukavu.

Kosa hilohilo limeingia katika breki, na huko ni la hatari zaidi kwa sababu halionekani. Mfasiri amefuata maandishi ya asili na kusema "breki ya kushoto" pale panapokusudiwa breki ya gurudumu la mbele. Marekani, kwa kawaida, mkono wa kushoto ndio unaoshika breki ya mbele. Uingereza, kwa kawaida, ni mkono wa kulia, na baiskeli nyingi zilizozoeleka kwetu ni za mtindo wa Kiingereza. Breki ya mbele ina nguvu kuliko ya nyuma. Lakini mtu aliyeketi juu katika baiskeli ya kawaida akiibana ghafla kwa nguvu zote, gurudumu la nyuma laweza kunyanyuka naye akarushwa juu ya usukani. Kwa hiyo mwanafunzi anayeambiwa "bana polepole breki ya kushoto, tegemea zaidi ya kulia" ataibana kwa nguvu ileile aliyotakiwa kuitumia kwa uangalifu. Breki na iitwe kwa gurudumu lake: breki ya mbele, breki ya nyuma. Mkono ambao breki imefungwa ni habari ya baiskeli moja moja, si habari ya istilahi.

Kuhusu gia, kijitabu kinasema "gia ya chini" na "gia ya juu". Dereva wa gari ataelewa. Mwendesha baiskeli, ambaye gia zake ni meno yanayoonekana kwa macho, yamepangwa mengine makubwa na mengine madogo, atauliza: ya chini ni ipi? Mguu wake unajua jibu jingine, kwamba kuna gia nyepesi na gia nzito. Maneno hayo yanafaa, na yanaeleza zoea ambalo kijitabu kinahangaika kulieleza katika aya mbili: ingia katika gia nyepesi kabla ya kusimama, na kabla mlima haujaanza. Mwenye baiskeli ya kawaida aliyechelewa kubadili gia anaweza kusimama juu ya pedeli na kuusukuma mlima kwa uzito wa mwili wake. Aliyeegemea hana uzito wa kuutumia; ana miguu yake tu, na ikishindwa atasimama pale alipo.

Hapa mfasiri amepata tabu na dhana nyingine, nayo ni idadi ya mizunguko ya pedeli kwa dakika. Amesema "mwendo wa kukanyaga", mara "kasi ya miguu", mara "mwendo" basi, hata msomaji asijue lini anaambiwa habari za baiskeli na lini za miguu. Ilhali watu wetu wana kitenzi cha kazi hiyo: kunyonga. Mtu hunyonga baiskeli kutoka kijijini mpaka mjini. Tunadhani mfasiri amelikwepa neno hilo kwa kuogopa ile maana ya kitanzi. Hofu hiyo haina msingi. Hakuna aliyewahi kumwonea huruma baiskeli iliyonyongwa. Tukisema "kasi ya kunyonga" kwa mizunguko ya pedeli na "kasi ya mwendo" kwa safari, twaweza kuandika kwa uwazi kwamba gia nyepesi na kasi kubwa ya kunyonga huyahurumia magoti kuliko gia nzito na kasi ndogo, ingawa kasi ya mwendo ni ileile.

Sasa tufike kwenye jina la chombo chenyewe. Mfasiri ameiita "baiskeli ya kulalia". Hakubuni kutoka hewani: neno la Kiingereza limetoka katika Kilatini, na maana yake ni kujilaza au kuegemea, Wajerumani na Waholanzi husema baiskeli ya kulala, Wafaransa husema baiskeli iliyolazwa. Hata hivyo, katika Kiswahili kitu cha kulalia ni kitanda, au mkeka. Tena mwendeshaji halali. Ameketi, macho yako mbele, mgongo wake umepokewa na egemeo. Tunapendelea "baiskeli ya kuegemea". Tulifikiria "baiskeli ya egemeo", tukaiacha kwa sababu walimu wa fizikia wanalitumia neno egemeo katika somo la wenzo, na hatupendi kuongeza mzigo juu ya neno ambalo tayari lina kazi darasani. Jina hilo pia latusaidia kutenganisha vitu viwili ambavyo kijitabu kimevichanganya. Baiskeli ya kawaida ina tandiko, kwa kuwa hupandwa kwa kutanua miguu kama apandavyo mwenye punda. Baiskeli ya kuegemea ina kiti.

Lakini jina si tatizo kubwa. Tatizo kubwa ni fasili. Ukurasa wa kwanza wa kijitabu unaieleza baiskeli kuwa ni chombo cha magurudumu mawili kiendeshwacho kwa miguu. Fasili ya namna hiyo imezoeleka, na walimu wengi wangeiandika ubaoni bila kufikiri mara mbili. Kurasa chache baadaye kijitabu hichohicho kinazungumzia baiskeli za magurudumu matatu, na hakuna aliyeona kwamba tayari zimekwisha kufukuzwa mlangoni.

Historia ya chombo hiki inatuonyesha fasili inavyoweza kufanya kazi. Tarehe 7 Julai 1933, mjini Paris, Mfaransa Francis Faure aliendesha kwa saa moja baiskeli ya kuegemea iliyoundwa na Charles Mochet, akaenda kilomita 45.055. Rekodi iliyokuwapo, kilomita 44.247, ilikuwa ya Oscar Egg tangu mwaka 1914. Mwaka uliofuata chama cha kimataifa cha mchezo huo, UCI, kilitoa fasili mpya ya baiskeli ya mashindano, ambayo pamoja na mengine ilipanga tandiko liwe wapi likilinganishwa na mahali pedeli zinapozungukia. Baiskeli ya Mochet haikutosha ndani ya vipimo hivyo, na haikuhesabiwa tena pamoja na nyingine. Hatusemi kwamba chama hakikuwa na haki ya kupanga mchezo wake. Tunachoona sisi, watu wa istilahi, ni kwamba fasili ile ilishika umbo, na chombo chenye umbo jingine kikatolewa, ingawa kilikuwa na magurudumu mawili, mnyororo na pedeli, na kiliendeshwa kwa miguu ya mtu.

Tuilinganishe na fasili ya Mkataba wa Vienna wa Usafiri wa Barabarani wa mwaka 1968. Humo chombo cha aina hii chatajwa kuwa chenye magurudumu yasiyopungua mawili, kinachokwenda kwa nguvu za misuli za waliokipanda peke yake, hasa kwa pedeli au kwa vipini vya mikono. Walioiandika hawakujali tandiko liko wapi. Walishika kitu kimoja, asili ya nguvu, na mengine yote wakayaachia uhuru.

Msomaji asidhani kwamba hayo ni mambo ya Ulaya. Katika miji yetu, kwa miaka mingi, watu wenye ulemavu wa miguu wamekuwa wakiendesha vyombo vya magurudumu matatu ambavyo mwendeshaji hukaa katika kiti chenye egemeo na kuzungusha kwa mikono vipini vilivyounganishwa na mnyororo. Kila mtu huviita baiskeli. Hata kiti cha magurudumu mara nyingi huitwa baiskeli. Umma umeshaamua kwamba baiskeli si hesabu ya magurudumu wala si suala la miguu. Maandishi yetu ndiyo yaliyobaki nyuma. Na maandishi hayo yakitumiwa ofisini yana matokeo. Karani wa kivuko anayetoza nauli kwa kufuata "magurudumu mawili, kwa miguu" atamtoza mwenye baiskeli ya mikono kama mwenye mkokoteni. Afisa anayeandika tangazo la njia ya baiskeli atamzuia palepale mtu anayeihitaji njia hiyo kuliko wote.

Kwa hiyo tunapendekeza fasili hii: baiskeli ni chombo cha nchi kavu chenye magurudumu mawili au zaidi, kinachokwenda kwa nguvu za mwili wa aliyekipanda, kwa kuzungusha pedeli kwa miguu au vipini kwa mikono. Baiskeli zinazosaidiwa na mota ya umeme, ambazo siku hizi zinaongezeka, zitahitaji nyongeza yake. Hatutaki kuzibana humu kwa nusu sentensi.

Limebaki suala la maneno ya mafundi. Mfasiri ametumia breki, fremu, rimu, spoku, keria, madigadi, gololi na pancha bila kuona haya, na hapo tuko pamoja naye. Wapo wenzetu wanaoyatazama maneno hayo kama wageni waliokaa mno. Mtu anayetaka kuibadili pancha na aende kwanza chini ya mwembe kwa fundi, aombe kuzibiwa "tobo la mpira wa ndani", aone kama hataulizwa anamaanisha pancha. Kasoro moja tu tumeiona katika eneo hili, nayo si ya mfasiri. Sura ya kofia, taa na viakisi imeitwa "Vifaa vya Kinga". Kwetu ni sahihi kabisa. Kwa msomaji wa Lubumbashi, ambako baiskeli yenyewe huitwa kinga, kichwa hicho kina maana ya vifaa vya baiskeli, na atashangaa kwa nini hakuona humo pampu wala spana. "Vifaa vya usalama" haina utata huo.

Kuna dhana moja ambayo bado haijatulia mezani kwetu. Vile vipini vya baiskeli ya mikono, vinavyozungushwa badala ya pedeli, tumeviita hapa vipini kwa kukosa neno jingine. Kipini, hata hivyo, ni cha jembe na cha kisu, nacho hushikwa bila kuzungushwa. Na "pedeli za mikono" inaleta mguu ndani ya mkono. Wanaoviendesha vyombo hivyo na mafundi wanaovitengeneza bila shaka wana jina lao. Wasomaji walio karibu nao, hasa walimu wa vyuo vya ufundi, tunawaomba wawaulize, kisha watuandikie neno pamoja na mahali lilipopatikana, nasi tutalichapa katika orodha ya toleo lijalo.